Ndugu wa Marehemu Naye Ana Simu: Mwongozo wa Kurusha Habari Mtandaoni

Picha iliingia saa 1:20 asubuhi kwenye namba ya WhatsApp ya chumba cha habari nilikokuwa nikifanya kazi. Pikipiki imelala chini ya lori, Barabara ya Morogoro, maeneo ya Kimara, na dereva wake yuko kando ya lami amefunikwa khanga nusu. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Niliziba uso wa yule kijana, nikaandika mistari mitatu, nikarusha kabla ya wenzetu wa kurasa nyingine. Niliona nimetenda kwa heshima, maana uso haukuonekana.

Dakika 11 baadaye simu ya ofisi ikaita. Dada mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama picha ile ni ya leo. Alikuwa ameona kile kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya tairi, ambacho bodaboda wengi huandikisha maneno. Kiliandikwa jina la mtoto, na mtoto huyo ni wa mdogo wake.

Kwetu habari ya msiba ina utaratibu wake. Huambiwa kwanza mtu mzima mmoja wa ukoo, anayehusika hukalishwa, anakuwapo wa kumshika, ndipo neno litamkwe. Mimi nilimpa dada yule msiba akiwa amesimama peke yake ndani ya daladala.

Yanayofuata nimeyaandika kwa ajili ya ripota wa mtandaoni wa hapa Dar es Salaam, hasa anayeanza: ana simu moja, bando la siku, na mhariri anayemuuliza kila baada ya dakika mbili "vipi, tayari?" Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ya pili na ya nne ndizo zinazokula muda, na ndizo zinazorukwa zaidi.

Hatua ya 1: Anza na aliyekutumia

Ukipokea picha au klipu yenye mishale miwili juu yake, imeshapita mikono mingi. WhatsApp wenyewe tangu Aprili 2020 waliweka kizuizi ili kitu cha namna hiyo kisisambazwe kwa zaidi ya mtu mmoja au grupu moja kwa mkupuo. Usiitumie kabla hujampata aliyeipiga.

Mpigie aliyekutumia. Ujumbe wa maandishi haukuonyeshi mtu anayesitasita.

"Habari za asubuhi, kaka. Mimi ni mwandishi wa habari. Nashukuru kwa picha. Ulikuwepo pale?"

"Hapana, nimeitoa kwenye grupu la mtaa."

"Nani aliiweka? Muulize basi kama naweza kumpigia."

Ukimpata mpigaji mwenyewe, akiwa mtu mzima anza na shikamoo, kisha muulize alisimama upande gani wa barabara, nini kilitokea kabla hajatoa simu mfukoni, na kama ana picha nyingine. Mtu aliyekuwepo kwa kawaida ana picha tatu au nne, mojawapo imetikisika na nyingine ina kidole chake pembeni. Aliyeokota anayo moja tu. Mwombe akutumie ile ya asili kama dokumenti, kwa sababu picha ikitumwa kwa njia ya kawaida kwenye WhatsApp hupoteza taarifa za saa na mahali ilipopigwa, na hupungua ubora.

Kisha omba ruhusa ya kuitumia, na uulize kama anataka jina lake litajwe. Bodaboda aliyerekodi ugomvi pale kijiweni kwake kesho anarudi kijiwe kilekile. Na kamwe usimwambie "sogea karibu kidogo upige vizuri" kama kuna moto, nyaya zilizokatika, maji yanayopanda au watu wenye hasira.

Hatua ya 2: Hakikisha ni wapi na ni lini

Kila masika picha za Jangwani hurudi. Maji yamejaa bonde la Msimbazi, mabasi ya Mwendokasi yamekwama, watu wamepanda juu ya paa. Nyingine ni za kweli kabisa, ila ni za mwaka juzi. Ukiirusha ya zamani kama ya leo, mtu wa Magomeni anayehitaji kwenda Kariakoo anazunguka bure, na siku maji yakijaa kweli hatakuamini.

Jiji lenyewe litakusaidia kuijua tarehe. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa Septemba 2018. Daraja la Kijazi, lile la barabara kupishana kwa ngazi tatu pale Ubungo, lilifunguliwa Februari 2021. Ukiletewa picha ya "foleni ya leo Ubungo" na juu hakuna zege, hiyo si ya leo. Ukionyeshwa mabasi ya mikoani yamejaa stendi ya Ubungo kwa "msongamano wa sikukuu hii", kumbuka yalihamia Mbezi mwaka 2021. Daraja la Tanzanite, linalopita baharini kati ya Aga Khan na Coco Beach, lilianza kutumika 2022. Picha ya ufukwe ule bila daraja ni ya kabla ya hapo. Tazama pia mabango ya matangazo, sare za wanafunzi, mistari ya rangi na jina la njia kwenye daladala, na vivuli. Mtu akisema tukio ni la saa 6 mchana na vivuli vimelala virefu barabarani, mrudie umuulize upya.

Baada ya macho, tumia zana za kutafuta kama picha ilishawahi kuonekana mtandaoni. Ipitishe picha kwenye Google Lens, na ukishindwa, kwenye TinEye. Video igande kwenye vipande vitatu au vinne vinavyoonyesha vizuri jengo au kibao, kisha utafute kila kipande peke yake. Kama picha ilishawahi kutokea mahali pengine miaka iliyopita, kazi imeisha hapo.

Bado hujamaliza. Piga simu mahali penyewe. Kila ripota wa Dar awe na daftari la namba: mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mama lishe wa stendi, fundi simu mwenye kibanda barabarani, dereva wa bajaji. Mimi hupiga kwa watu wawili wasiofahamiana. Mmoja akiniambia "ndiyo nimesikia", hiyo haihesabiki. Nataka wa kuniambia "naliona kutoka hapa nilipo".

Karatasi nazo zina hila zake. Barua zenye kichwa "TAARIFA KWA UMMA" hughushiwa kirahisi: nembo inanakiliwa, saini inapachikwa, na kuna tarehe ya jana. Ingia kwenye tovuti au ukurasa rasmi wa taasisi husika uikute hapo. Usipoikuta, mpigie ofisa habari wao umsomee neno kwa neno. Na klipu za sauti, ambazo siku hizi akili mnemba huziiga hadi pumzi ya msemaji, zichukulie kama uvumi hadi mwenye sauti au mtu aliyekuwepo akithibitisha.

Hatua ya 3: Idadi iandikwe na saa yake

Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, idadi ya waliofariki ilipanda kwa siku kadhaa kadiri uokoaji ulivyoendelea. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022, taarifa za awali zilitaja waliookolewa 26. Hesabu ya mwisho ikawa manusura 24 na waliofariki 19 kati ya watu 43. Waokoaji hawakuwa wakidanganya, ndivyo maafa yalivyo.

Kwa hiyo usiandike "watu 5 wamekufa" ukaishia hapo. Andika: "Hadi saa 10 jioni, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limesema miili mitano imeopolewa." Msomaji atajua umeambiwa na nani na lini, na idadi ikibadilika habari yako haitakuwa imemdanganya. Kwa Dar, wa kuulizwa ni Kamanda wa Polisi wa Kanda Maalumu au makamanda wa mikoa ya kipolisi, Zimamoto, mkuu wa wilaya, na uongozi wa hospitali iliyopokea majeruhi. Muuza duka wa jirani ni shahidi mzuri wa kishindo alichokisikia. Kwa idadi ya waliofariki, usimtegemee.

Kama vyanzo viwili vyenye dhamana vinapishana, ziandike hesabu zote mbili, kila moja na mwenyewe.

Hatua ya 4: Mtazame mtu aliyemo kwenye picha

Hapa ndipo nilipoanguka mimi, kwa hiyo nivumilie nikikaa zaidi.

Kuziba uso hakutoshi. Mtu hutambulika kwa shati, kwa raba, kwa kovu la mkono, kwa namba ya pikipiki, kwa kikoi ambacho mkewe alikifua jana. Ivute picha hadi ijae kioo cha simu na uipitie kona hadi kona kana kwamba wewe ni mama yake unamtafuta. Chochote ambacho mama angekitambua, kizibe kwa rangi nzito isiyopenyeka au ukikate. Ukungu mwepesi na vikatuni vya kicheko havizibi kitu, na vya kicheko vinadhalilisha. Kwa video, kumbuka sauti, na kumbuka mlango wa nyumba nyuma yake.

Mwili wa marehemu usionyeshwe. Picha ya gari lililoharibika, ya watu wakiokoa, ya foleni iliyosababishwa na ajali, zote zinatoa habari ileile. Jina liandikwe baada ya familia kuarifiwa, na umwulize polisi moja kwa moja: "Afande, ndugu wameshajulishwa?" Jibu likiwa bado, andika umri na jinsia, basi.

Mtoto ana ulinzi wake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda aliye chini ya miaka 18, ikiwamo faragha yake kwenye mashauri ya mahakamani. Katika habari ya ukatili dhidi ya mtoto, ukificha jina lake kisha ukaandika jina la baba, shule na mtaa, umemtaja. Nimeona habari iliyomwita mtoto "jina limehifadhiwa" huku mjomba wake akihojiwa uso wazi, kibao cha shule kikionekana nyuma. Mtaa mzima ulijua jioni ileile. Vivyo hivyo kwa aliyebakwa, mkubwa au mdogo. Hali ya mtu kuhusu VVU ni siri yake kwa mujibu wa sheria ya 2008, na hata bila sheria, wodini huingii na kamera kwa kuwa tu mlinzi amekuruhusu. Anayeruhusu ni mgonjwa mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, pamoja na uongozi wa hospitali.

Mtuhumiwa aitwe mtuhumiwa. Hapa Dar tuna neno linaloua: "panya road", jina la magenge ya vijana waporaji. Kijana akishikwa na kundi Tandale au Mbagala, akapigwa, kisha akapigwa picha, ukaandika juu yake "Panya Road anaswa", umekwisha mhukumu kabla ya polisi kuandika hata maelezo yake. Wapo vijana waliofuatwa kwa sababu walikuwa mahali pabaya saa mbaya. Andika "kijana anayetuhumiwa kuiba simu ameshambuliwa na wananchi", uzibe uso, na uulize swali la pili ambalo wengi hulisahau: waliompiga wamechukuliwa hatua gani? Kujichukulia sheria mkononi nako ni habari.

Mtu aliyejiua usielezee njia aliyotumia wala kuchapisha barua aliyoiacha. Hilo halina mjadala kwangu.

Hatua ya 5: Mtafute unayemwandika

Sote tunaijua ile sentensi: "Simu yake iliita bila kupokelewa na hata alipotumiwa ujumbe mfupi hakujibu." Ni sentensi halali kama umeihangaikia. Kupiga mara moja saa 7 mchana wakati mtu yuko msikitini au kikaoni, kisha kurusha saa 7:05, ni kutafuta kisingizio.

Ninavyofanya: napiga mara tatu kwa saa tofauti, natuma ujumbe unaotaja tuhuma yenyewe waziwazi, maana "naomba kuongea nawe" haimwambii kitu. Nampa muda unaolingana na uzito wa jambo. Kwa lalamiko la wapangaji dhidi ya mwenye nyumba, nusu siku. Kwa tuhuma ya wizi wa fedha za umma, siku moja au mbili, na naenda ofisini kwake. Naandika kwenye daftari saa ya kila simu. Akijibu, jibu lake liwe juu ndani ya habari, lisitupwe aya ya mwisho ambayo hakuna anayefika.

Kama jambo linahitaji nyaraka za ofisi ya umma, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa njia: andika barua, nao wana siku 30 za kukujibu. Ripota wa mtandaoni huona siku 30 ni milele. Wewe tuma barua leo, endelea na kazi nyingine; habari itakayokuja huko mbele mwenzako hatakuwa nayo.

Hatua ya 6: Kichwa kiseme kilichomo

Uso wa msanii anayefahamika, mishumaa miwili, maandishi mekundu "TANZIA: PIGO KUBWA USIKU HUU", na ndani kumbe aliyefariki ni bibi wa jirani ya mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Najua kwa nini inafanyika: malipo hufuata watazamaji, na kodi ya chumba Sinza haisubiri maadili. Lakini mama wa msanii yule yuko mahali fulani na simu yake. Kichwa kisomwe peke yake, bila habari, na kiwe bado ni kweli. Jaribu hivi: msomee mtu aliye karibu kichwa tu, akuambie anafikiri kimetokea nini. Akikosea, kiandike upya. Picha ya juu nayo ipitie jaribio hilohilo.

Hatua ya 7: Bahasha

Bahasha ya kaki mwishoni mwa mkutano huitwa nauli, posho, maji ya kunywa. Wengi wanaoipokea hawana mshahara, wanalipwa kwa habari moja moja, kwa hiyo siwasemi vibaya. Ninayemlaumu zaidi ni mmiliki anayemtuma kijana Posta bila hata nauli ya kurudia. Ila hela ile hununua maswali uliyotakiwa kuuliza. Ikiwezekana usipokee. Kama ofisi yako inapokea usafiri au malazi kutoka kwa mwenye habari, iandikwe ndani ya habari. Na chochote kilicholipiwa kiwe na neno TANGAZO juu kabisa, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo.

Hatua ya 8: Sheria na vibali

Kwa ufupi. Anayerusha habari mtandaoni anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 na marekebisho yake. Mwandishi anahitaji ithibati ya Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, iliyotokana na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa namba za simu, anwani na picha unazozihifadhi kwenye kompyuta ya ofisi. Wengi tunaona baadhi ya masharti haya yanaibana kazi kuliko inavyostahili, na tunayasema hayo wazi. Hadi yabadilishwe, yajue, na uwe na namba ya wakili.

Hatua ya 9: Ukikosea

Usifute kimyakimya. Skrinishoti zimeshasambaa, na kufuta kunamwacha aliyeiona akiamini uongo na aliyeumizwa bila chochote cha kushika. Rekebisha habari palepale, weka maelezo juu, kisha yapeleke kila ulikopeleka kosa: ukurasa wa Instagram, chaneli ya YouTube, magrupu yote. Maneno yawe mepesi: "Saa 3 asubuhi tuliandika kwamba ajali ilitokea Mbezi na kuua watu wawili. Si kweli. Ilitokea Kibamba na amefariki mtu mmoja. Tunaomba radhi kwa familia." Usiandike "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu".

Picha kama ile yangu ya Kimara, ambayo si uongo ila inaumiza, hiyo iondolewe kabisa, uache maandishi ya kueleza kwamba imeondolewa na kwa nini. Mpigie aliyeumia wewe mwenyewe. Akitaka kwenda mbali zaidi, mwelekeze Baraza la Habari Tanzania, ambalo tangu miaka ya 1990 linapokea malalamiko dhidi ya vyombo vya habari na kuyasuluhisha bila gharama za mahakama. Usimfiche njia hiyo kwa kuogopa.

Nilimpigia dada yule jioni. Hakunigombeza. Aliniomba kitu kimoja, niitoe picha kila mahali ilipo ili mtoto asije kuikuta. Kwenye kurasa zetu niliitoa. Magrupu sikuyaweza.

Mwaka uliofuata ripota mpya aliyekuwa zamu alinitumia picha usiku: "Mkuu, ajali Mbeya sasa hivi, turushe?" Ilikuwa na mishale miwili, na ukungu wangu ulikuwa bado usoni pa yule kijana. Nikampigia, nikamwambia aivute kidogo, atazame nyuma ya tairi, anisomee kilichoandikwa kwenye mpira.